Shubiri Moja Juu ya Maji

"Mama Mkeka, mbona matete ya upande wenu hayarudi?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, mshonaji, siku ile kwenye foleni ya chemchemi. Aliuliza bila ubaya. Ndivyo alivyo; hata ukimpelekea gauni apunguze kiuno atataka kujua umekonda kwa sababu gani. Lakini wanawake kumi na wawili walikuwepo na ndoo zao, na wote waligeuza shingo kwa pamoja.

Mama Mkeka alitazama kinamasi. Ilikuwa kweli. Tangu mvua kubwa zikatike, vipande walivyogawiwa wakataji wengine vilikuwa vimechipua, kijani kibichi, matete yamefika kimo cha mtoto wa miaka sita. Kipande chao kilikuwa maji matupu yanayong'aa kama bati jipya, na bata wa Baba Bata, mfugaji wa ukingoni, wakielea katikati yake kama wenye nyumba.

Aibu ilimpanda usoni. Yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya wakataji wa pale kushika mundu. Mikeka yake na majamvi yake ndivyo vilivyompa jina. Kwa miaka miwili sasa magoti yalikuwa yamemkataza kuingia majini, kazi ya kukata akamwachia mwanawe, yeye akabaki uani kusuka. Aseme nini? Aseme hajui kilichoko kwenye kipande chake mwenyewe? Basi akafanya wanavyofanya watu wengi wakibanwa. Alitania.

"Kawaulizeni wale," akasema, akiwaonyesha bata kwa kidevu. "Wamemaliza machipukizi yangu yote, na hata asante sijaisikia."

Wanawake wakaangua kicheko. Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Mkeka naye akacheka, akajaza ndoo yake, akaenda zake, akidhani neno limeishia hapo.

Halikuishia hapo. Wiki iliyofuata maji ya chemchemi yalianza kutoka na rangi ya chai. Wiki ya pili yakawa na tope, na watoto wakaanza kuharisha. Watu wakauliza sababu, na sababu ilikuwa imeshapatikana zamani, tena ya kuchekesha, rahisi kubeba mdomoni: bata wamekula matete, matete yamekwisha, tope linashuka. Nani kasema? Mama Mkeka kasema. Basi kama kasema yeye, nani wa kubisha? Yule mwanamke na matete ni kitu kimoja.

Kufikia Jumatano watoto wa njia ya juu walikuwa wakiwapiga bata mawe na hakuna mzazi aliyewakemea. Alhamisi chama cha wakataji kikatangaza mkutano wa Jumamosi asubuhi.

* * *

Baba Bata alikuja Alhamisi hiyo hiyo, jua likiwa bado kali. Alikuwa mtu mkavu, mchechemeaji, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni, asiye na mke wala mtoto. Watu walisema anaongea na bata siku nzima na jioni anawaaga kwa majina. Alibisha hodi mara tatu kama ilivyo adabu, akasubiri akaribishwe.

"Karibu, baba. Karibu kiti."

"Sikai, mama." Aliweka kikapu juu ya mkeka uliokuwa unasukwa, akafunua kitambaa. Ndani alilala bata jike mweupe, shingo imevunjika. "Huyu alikuwa anaatamia. Mayai tisa. Sasa yamepoa."

Mama Mkeka aliweka chini utepe wa tete aliokuwa ameushika. "Pole sana. Lakini mimi sikumtuma mtu apige bata wako."

"Hukumtuma mtu. Ulichekesha watu."

Nyuma ya nyumba, mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akichanja kitu kwa kisu, ta, ta, ta. Naye akaacha.

Baba Bata alichutama kwa shida kwa ule mguu wake mbovu, akaupanua mdomo wa yule bata maiti. "Lete kidole chako, mama."

"Cha nini?"

"Lete tu. Hakuumi tena."

Alikipeleka. Ndani mlikuwa laini, na kingo za mdomo zilikuwa na mikwaruzo midogo kama ya kitana.

"Kuna meno?"

"Hakuna."

"Bata anachuja tope, anapata mdudu, anapata konokono, anatafuna na kijani kidogo. Sikatai, anatafuna. Lakini kipande kizima cha matete, hatua arobaini kwa ishirini? Bata kumi na wanne? Labda wangekuwa na misumeno." Akafunika kikapu. "Bata wameingia pale kwa sababu pako wazi. Zamani hawakuweza kupenya, matete yalikuwa yamesongamana. Sasa nani alipafungua, mimi sijui. Kipande cha mtu hakiingiliwi."

Hilo lilikuwa kweli. Pale kinamasini, kuingia kipande cha mwenzio bila ruhusa ni sawa na kuingia chumbani kwake. Unaweza kupita ukingoni ukatazama, basi.

"Jumamosi wataniambia niondoe bata au niondoke nao," alisema Baba Bata. "Na watakuuliza wewe kabla ya kuamua. Nakuomba kitu kimoja. Ingia ukaone kwa miguu yako mwenyewe, kisha useme utakalosema. Ukisema ni bata, nitafunga vitu vyangu."

Akachukua kikapu chake akaondoka, mguu mmoja ukiandika mstari vumbini.

* * *

Ijumaa alfajiri Mama Mkeka alisali sala yake, na baada ya kusali hakuinuka upesi. Kisha akafunga nguo juu ya magoti, akachukua fimbo, akateremka.

Aliingilia upande wa jirani wa kushoto, aliyekuwa amemwomba ruhusa jana yake, mahali panapogusana na kipande chao, ili ashike matete kwa mkono asianguke. Baridi ya maji ilimuuma magotini kama sindano. Hapa kila kitu kilikuwa kama anavyokijua. Visiki vya mwaka jana vilisimama vikavu, kila kimoja kimetokeza shubiri moja juu ya maji, na katikati yao machipukizi mapya yamechongoka. Chini ya nyayo zake mizizi ilikuwa imefumana, inabonyea na kurudi. Vifaranga vya samaki vilitawanyika mbele ya vidole vyake. Ndege wadogo wa matete walimgombeza kwa sababu ya kiota kilichofungwa juu ya mabua matatu, kimefumwa kwa ustadi ambao hata yeye asingethubutu kuukosoa. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba aliona kucha zake.

Akavuka mpaka, akaingia kwao.

Hatua ya kwanza alizama mpaka pajani. Hapakuwa na kitu cha kukanyaga, ila uji wa tope. Maji ya barabarani, yale yanayoshuka na mafuta na taka na udongo, yalikuwa yakipita hapa wazi wazi bila wa kuyauliza yanakwenda wapi, moja kwa moja kuelekea chemchemi. Hapakuwa na samaki. Hapakuwa hata na chura.

Alipapasa kwa fimbo, kisha kwa kidole gumba cha mguu. Kitu kigumu. Kisiki. Akakitafuta na kingine, na kingine. Vilikuwepo vyote, safu kwa safu, lakini vilikuwa chini. Maji yalikuwa yamevifunika kwa mkono mzima.

Aliinama, akashika kisiki kimoja, akavuta. Hakikubishana naye. Kilitoka pamoja na mzizi wake mnene, ule unaolala topeni kama mkono wa mtu aliyelala, nao ulikuwa mweusi, umelegea, unanuka yai viza.

Marehemu mumewe hakuwa msemaji, ila kwa jambo hili alikuwa akisema kila msimu, mpaka watu wanamwigiza: acha pua. Tete linaishi miguu majini, lakini mzizi wake unataka hewa kama wewe, na hewa inashukia kwenye bua. Hata bua likauke, hata libaki kisiki, ni bomba lake la kupumulia. Kata utakavyo, ila acha shubiri moja juu ya maji. Ukikata chini ya maji, umemziba pua aliyelala.

Na sheria ya chama ilitokana na hapo, haina kona: atakayekata chini ya maji, nyumba yake inatoka kinamasini. Si yeye peke yake. Nyumba.

Alikisuuza kile kisiki, akapitisha kidole kwenye mkato. Ulikuwa mkato safi wa mundu, umeinama. Lakini ulikuwa umeinamia upande ambao haukuzoeleka. Karibu wakataji wote wa pale hukata kwa mkono wa kulia, na mkato wao hulala upande mmoja. Ukipita baada yao visiki vyote vinatazama njia moja, kama watu walio kwenye sala. Hivi vilitazama upande wa pili.

Kati ya wakataji wote ishirini na sita, wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja. Alikuwa amemnyonyesha yeye mwenyewe.

* * *

Mwanawe watu walimwita Mrefu. Mchana ule alikuwa uani akifunga miganda, amevaa viatu vyake vipya vya ngozi ambavyo hakuvivua hata kwa kazi ya nyumbani. Mkewe, mimba yake ya miezi saba, alikuwa kando ya jiko na kisu chake.

Mama Mkeka aliweka kile kisiki juu ya jamvi, mbele ya viatu.

Mrefu alikitazama. Hakuuliza ni nini.

"Umeingia majini, Mama? Na magoti yale?"

"Magoti yangu yaache. Hiki ni nini?"

"Kisiki."

"Cha mkono wa nani?"

Mrefu aliendelea kukaza kamba, akakaza mpaka ikakatika. "Mwenye lori anayenunua matete anataka futi kumi," alisema mwishowe. "Anajenga nyua za mahoteli. Kumi kamili, pungufu anatupa pale pale barabarani, watu wanaona. Maji yalikuwa yananifika kiunoni, Mama. Ukikata juu ya maji unapata nane. Ningefanyaje?"

"Ungengoja maji yashuke."

"Mwenye lori hangoji. Vinamasi viko vingi."

"Na matete je? Ulitegemea yatafanyaje?"

"Nilijua yatarudi! Ni nyasi, Mama. Nyasi zinarudi. Ukoka unaukanyaga, unaulima, unauchoma, unarudi."

"Tete si ukoka. Baba yako alikwambia mara ngapi?"

"Baba alikuwa anasema. Alikuwa anasema kila siku. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu." Sauti yake ilishuka. "Nilipoona hayachipui nikaanza kukosa usingizi. Halafu wewe mwenyewe ukasema ni bata. Kila mtu akacheka. Nikasema basi, Mungu kanitupia kamba."

"Usimtie Mungu humo."

Alimgeukia mkwewe. Kando ya mguu wake palikuwa na lundo dogo la vipande vya mabua, urefu wa kidole, vyeupe kama uyoga, baadhi vina vinyweleo vya mizizi. Ni ncha za chini, zile zilizokuwa majini. Zilikuwa zikianikwa, kisha zinawashiwa moto. Miezi hii yote Mama Mkeka amekuwa akisifu jinsi jiko la siku hizi linavyowaka upesi.

"Ulijua, mwanangu?"

"Nilijua, mama," alisema mkwe, macho chini. "Aliniambia mwenye lori hapendi nyayo nyeupe. Nikawa nazikata. Nilitaka kukwambia, kila siku. Kila nikifungua mdomo naona unafurahi."

Mrefu alipiga magoti mbele ya mama yake, viatu vipya na vyote, vumbini. "Mama, kesho sema ni bata. Sema tu ulivyosema kwenye foleni. Bata hawafungwi jela. Bata hawana kipande cha kunyang'anywa, hawana mke, hawana mtoto anayekuja. Hata aibu hawana, wale!"

"Na mwenyewe?"

"Baba Bata? Atahamia popote. Yeye ni mtu mmoja na kikapu. Sisi ni wanne karibu." Kisha akainua uso. "Godoro unalolalia, Mama, unadhani lilitoka wapi?"

Hilo lilimwingia. Miaka ishirini alikuwa amelala kwenye mkeka alioufuma mwenyewe, akawa anaamka mgongo umekakamaa, mpaka miezi miwili iliyopita Mrefu alipoingia mlangoni na godoro kichwani, anacheka, akasema Mama, leo na wewe ulale kama watu. Alilia siku ile. Aliwaambia majirani wote.

Alichukua kisiki chake, akakifunga kwenye kitambaa, akaingia ndani. Godoro alilitazama, akakaa kitini.

* * *

Jumamosi chumba cha chama kilijaa mpaka wengine wakasimama. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali, mabenchi manne, meza moja, na dirisha linalotazama kinamasi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa na daftari lake na kalamu mbili, moja ya akiba. Mshonaji alikuwa ameleta bilauri ya maji ya chemchemi na kuiweka katikati ya meza, na maji yalivyokuwa yakitulia, tope lilikuwa linajipanga chini taratibu, kidole kizima.

Baba Bata alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya watu watatu, na bado watu walichagua kusimama. Magotini alikuwa na kikapu, na kichwa cha bata mmoja kimetokeza.

"Huyo naye kaja kutoa ushahidi?" mtu akauliza.

"Kaja kumtafuta aliyemuua dada yake," alisema Baba Bata.

Wengine walicheka, wengine wakajifanya hawakusikia. Mwenyekiti aligonga meza.

"Jamani, tuheshimiane. Jambo letu ni moja. Upande wa juu wa kinamasi umekufa. Matete yale ndiyo yalikuwa yakishika tope la barabara. Ndiyo chujio letu. Sasa chujio limetoboka, na tope ndilo hilo mnaliona kwenye bilauri. Mvua zijazo zitatukuta hivi, na ukingo utaanza kumomonyoka kuelekea nyumba za chini. Kuna pendekezo bata watolewe kinamasini, kabisa, na mwenye bata atafute pengine."

"Leo leo!" sauti ikatoka nyuma.

"Mjukuu wangu ana siku tano anaharisha," alisema mwanamke mmoja, na hakuna aliyecheka.

"Mwenye bata, una neno?"

"Ninalo, lakini si langu," alisema Baba Bata. "Muulizeni Mama Mkeka."

"Ndivyo tunavyofanya," alisema Mwenyekiti, akamgeukia kwa heshima. "Mama, wewe ndiye macho yetu kwenye matete. Hapa hatukuvishi kilemba cha ukoka, kila mtu anajua. Wewe ndiye uliyesema mwanzo. Thibitisha tu, tuandike, tumalize."

Mama Mkeka alikuwa amekaa benchi la mbele, kati ya mwanawe na mkwewe. Alihisi paja la Mrefu likitetemeka dhidi ya lake. Alipokuwa mdogo lilikuwa likitetemeka hivyo hivyo akipelekwa kuchomwa sindano, naye alikuwa akilishika kwa kiganja mpaka litulie. Mkono wake ulianza kwenda wenyewe. Kisha akaona bilauri. Maji ya juu yalikuwa yameanza kuwa safi, na lile tope la chini limekaa kimya, kama kitu kinachongoja tu mtu aitikise meza.

Alisimama. Magoti yalilia, watu wakasikia.

"Siku ile kwenye foleni niliulizwa swali la haki," alisema. "Sikujua jibu, nikaona aibu, nikatania. Mkachukua utani wangu mkaufanya ushahidi. Kosa la kwanza ni langu."

Mshonaji alifunika mdomo.

"Bata hawakula matete yangu." Alifungua kitambaa, akaweka kisiki mezani kando ya bilauri. Harufu ilisambaa, waliokaa mbele wakarudi nyuma. "Haya hayakuliwa. Yamekatwa, chini ya maji, kipande kizima. Yamekufa kwa kukosa pumzi. Pitisheni, kila mtu aone mkato."

Kisiki kikaanza safari yake. Kilipita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, na wale walikuwa wakataji, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila aliyekishika alipitisha kidole juu ya mkato, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha kila mmoja, bila kutaka, akatupa jicho kwenye mkono wa kushoto wa Mrefu, uliokuwa umelala juu ya goti. Mrefu akauficha kwapani.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kilisikia. "Mama, mimi nilikununulia godoro."

"Ulininunulia, mwanangu. Nimelilalia miezi miwili, na nilililalia vizuri." Alimgeukia Mwenyekiti. "Kwa hiyo usiandike jina lake peke yake. Andika na langu."

"Na langu," alisema mkwe, bila kuinua macho. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikata nyayo nyeupe."

Mwenyekiti alishika kalamu, akaiweka, akaishika ile ya akiba. Alikuwa amekaa meza moja na marehemu mume wa Mama Mkeka siku sheria ile ilipoandikwa. Lakini aliisoma kama ilivyo, neno kwa neno, sauti ikikwaruza: nyumba hiyo inatoka kinamasini, kipande kinarudi kwa chama, mundu unabaki mezani.

Mrefu aliuchomoa mundu kiunoni. Ulikuwa wa baba yake, mpini umelika mahali pa vidole. Aliuweka mezani kwa mkono ule ule, maana sasa kulikuwa na nini cha kuficha.

"Jambo la mwisho," alisema Mama Mkeka. Alikuwa bado amesimama. "Kipande si chetu tena, sawa. Lakini mvua hazitangoja tupate aibu ya kutosha. Pale panatakiwa mizizi hai, ipandwe kwa mkono, shina kwa shina, kabla maji hayajapanda. Na matete mazito ya kutoa mizizi, yaliyobaki, yako kwenye ukingo wa huyu." Akamgeukia Baba Bata. "Kwa sababu ya mbolea ya bata wako. Nimekupaka matope mbele ya watu, baba, nami mbele ya watu hao hao nakuomba radhi. Tena nakuomba mizizi."

Baba Bata alimpapasa bata kichwani muda mrefu. Chumba chote kilikuwa kinamngoja mtu ambaye nusu saa iliyopita hakuna aliyetaka kukaa karibu naye, na alikuwa anajua.

"Mayai tisa," alisema.

"Najua."

"Ulicheka, mama. Nilikuwa juu kwenye njia. Niliwasikia mnavyocheka."

"Nilicheka," alisema Mama Mkeka.

Baba Bata alitikisa kichwa polepole. "Mizizi ipo. Chukueni. Watoto wa watu wanakunywa tope, siwezi kuikalia. Lakini huyo," alimwonyesha Mrefu kwa kidevu, "simtaki kwenye ukingo wangu. Alinyamaza wiki mbili, hata nilipopigiwa bata mawe. Uje wewe mwenyewe, mama. Wewe unajua kung'oa bila kuua."

Mshonaji aliguna. "Na magoti yake yale? Maji ya baridi mpaka kiunoni?"

"Sikumtukana. Nimesema ninavyotaka," alisema Baba Bata.

"Nitakuja," alisema Mama Mkeka. "Jumatatu asubuhi."

"Mama ana miaka sitini na nane," alisema mkwe, akianza kulia.

"Nimesema nitakuja."

Mwenyekiti aliandika. Huko nje ndege wa matete walikuwa wakigombana. Mrefu alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, anatazama sakafu. Watu walidhani analia, na waungwana wachache wakatazama pembeni wampe nafasi. Lakini hakuwa analia. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

Alivua cha kulia, akavua cha kushoto. Akavipanga chini ya benchi, visigino pamoja, kama mtu anayeingia mahali pa sala. Akakunja suruali, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka juu ya magoti. Alipitisha mkono nyuma ya mama yake bila kumgusa, akachukua kisiki kilichooza pale kilipokuwa kimemaliza safari, mwisho wa meza.

Baba Bata aliinuka nusu, mkono juu ya kikapu, mdomo umefunguka. Akabaki hivyo, kisha akakaa tena.

"Jumatatu, wamesema," Mama Mkeka alinong'ona.

Mrefu hakumtazama. Alipita kati ya mabenchi, nyayo zikipiga sakafu ya saruji, akainama mlangoni kwa ajili ya urefu wake, akatoka. Kupitia dirishani walimwona akiteremka peku kwenye kipande kilichokufa, akainama, akaanza kung'oa visiki vilivyooza.